Kutwa, Kuchwa na Kosa Langu la Toleo Lililopita

Katika toleo lililopita la jarida hili niliandika uhakiki wa shairi moja la mwanafunzi mwenzetu wa mwaka wa pili, shairi la mke wa mvuvi anayengoja pwani. Wasomaji wengi mtalikumbuka. Na wanaokumbuka shairi watakumbuka pia kwamba nililitia kasoro tatu, na kwamba kasoro ya kwanza niliyoipigia kelele sana ilihusu neno moja tu katika ubeti wa nne. Mtunzi aliandika "mchana kuchwa". Mimi nikasema hapana, Kiswahili sanifu ni "mchana kutwa". Nikasema mtunzi kabanwa na kina, akaigeuza t kuwa ch ili mambo yamwendee. Nikaongeza kejeli kidogo, kama tunavyofanya sisi wahakiki wa mwaka wa tatu tunapohakiki watu wa mwaka wa pili.

Nilikosea. Na kwa kuwa nilikosea hadharani, basi na masahihisho niyafanye hadharani. Lakini sirudi hapa kuomba radhi kwa neno moja tu, maana hilo lingetosha mistari miwili kwa mhariri. Narudi kwa sababu kosa la neno lile lilinifanya nilisome shairi zima upande upande, na nadhani wengi wetu tunaliangusha neno hili kila siku bila kujua tumeangusha nini.

Hebu kwanza tulikumbuke shairi lenyewe. Ni tarbia ya beti nane, mizani kumi na sita kila mshororo, nane ukwapi na nane utao. Ubeti wa kwanza na wa pili unatueleza kwamba mume kaondoka alfajiri na ngalawa, na kwamba ni msimu wa kusi. Ubeti wa tatu jua li utosini, mwanamke anaanika dagaa huku jicho liko baharini. Ubeti wa nne ndio wenye maneno yetu. Wa tano jirani anapita na kusalimu, wala haulizi kitu. Wa sita ni mawaidha juu ya subira, na hapo nitarudi. Wa saba moto unawashwa pwani. Wa nane mwanamke yupo pale pale, na kibwagizo kinafunga kwa "kutwa kucha".

Katika uhakiki wangu nilisema hivi: shairi hili halina mwendo. Mwanamke anangoja ubeti wa kwanza, anangoja ubeti wa nne, anangoja ubeti wa nane. Nikasema dhamira ni subira ya mwanamke wa pwani, na kwamba maudhui yametuama kama maji ya mtungini. Nikasema pia kwamba moto wa ubeti wa saba hauna kazi. Eti mtunzi alitafuta taswira ya kupamba.

Wiki moja baada ya jarida kutoka nilikutana na mtunzi kwenye foleni ya chakula. Yeye ni mtu wa Unguja, mpole, si mtu wa kugombana. Akanisalimu vizuri, tukasogea na sahani zetu, ndipo akaniuliza, "Sheikh, wewe mwenyeji wa wapi?" Nikamwambia Kyela. Akasema, "Kwenu jua likizama mnasemaje?" Nikamjibu tunasema jua limezama, au limetua. Akatikisa kichwa. "Sisi limekuchwa. Mchana kuchwa ni mchana mpaka limekuchwa. Ami yangu alitoka alfajiri. Watu wa kusi wanarudi alasiri. Mpaka limekuchwa hajarudi, unaelewa?" Nikasema naelewa. Akala wali wake.

Sikuwa nimeelewa sana, ila chakula hakikunipita. Jioni ile nilikwenda maktaba.

Sasa tuliangalie neno. Katika Kiswahili tunavyo vitenzi viwili vifupi vya jua na mwanga. Kimoja ni -cha, kama katika kumekucha, kunakucha, kukicha. Cha pili ni -chwa: jua limekuchwa, kumekuchwa, likichwa. Ni vitenzi vya silabi moja, ndiyo maana vinaibeba ile ku- mbele, kama tunavyosema amekula na si "amela". Kutokana na cha kwanza tunapata macheo, na kutokana na cha pili machweo. Machweo tunalijua sote, tumeliandika katika insha za darasa la sita, "jua lilikuwa likielekea machweo" na kadhalika. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kujiuliza machweo yametoka katika kitenzi gani? Mimi sikuwahi. Nilikuwa nayo nomino mfukoni, na mama yake nikamwita kosa la chapa.

Usiku kucha, basi, kwa asili si "usiku wote". Ni usiku hadi kukicha, usiku mpaka unafika mwisho wake. Na mchana kuchwa ni mchana hadi jua kuchwa. Kila moja ya tungo hizi mbili ina kitenzi ndani yake, kitenzi kilichoganda, na kitenzi hicho kinaonyesha mpaka. Ukitafsiri "wote" unapata wingi wa saa, lakini unaupoteza mpaka. (Tulipokuwa wadogo tulicheka kwamba usiku kucha ni usiku wa kukata kucha. Mzaha wa watoto, lakini unaonyesha kwamba hata mtoto anahisi kuna neno limejificha pale.)

Kutwa je? Hapa ndipo nilipojikuta nimekaa uchi. Kutwa ni kuchwa yule yule, amevaa kanzu ya kaskazini. Anayezijua lahaja zetu anajua kwamba pale Kiunguja kinaposema ch, Kimvita na Kiamu mara nyingi husema t. Macho Unguja, mato Mombasa. Kucheka huku, kuteka kule. Kuchoma na kutoma. Na kuchwa, kutwa. Ukisoma mashairi ya Mombasa ya zama za Muyaka unazikuta t hizi kila ubeti, wala hakuna anayesema Muyaka kabanwa na kina.

Sasa angalieni kichekesho. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, ilikubaliwa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki, na 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kuisimamia kazi hiyo. Macho yakawa sanifu, mato yakabaki lahaja. Machweo yakawa sanifu, kwa ch. Lakini kutwa, sijui kwa mlango gani, akaingia na t yake ya kaskazini, akakaa kitako, akawa ndiye mwenye nyumba. Hivyo lugha yetu sanifu ina machweo ya Unguja na kutwa ya Mombasa, na tunapotamka "kutwa kucha" tunazifunga lahaja mbili katika fundo moja bila habari. Halafu anakuja mtoto wa Unguja, anaandika kwa Kiunguja, ile ile lahaja iliyotawazwa kuwa msingi, na kijana wa Kyela anamwambia kwamba hajui Kiswahili sanifu! Kijana huyo ndiye mimi.

Wapo watakaosema, na mwenzangu mmoja wa chumbani alisema: kutwa ni kutua tu, limetamkwa upesi. Jua linatua, kutua, kutwa. Hoja inapendeza sikioni. Lakini ingekuwa hivyo, kuchwa angetoka wapi? Kutua kunabaki kutua Mombasa na Unguja pia. Ndege anatua, mzigo unatuliwa, hakuna mahali unapochuliwa. Jua hutua, ni kweli, lakini hilo ni neno la msafiri anayeteremsha mzigo. Kuchwa ni neno jingine.

Wengine wanasema kuchwa ni kutendwa kwa kucha. Yaani jua linacha asubuhi, na jioni "linachwa", kama vile kupiga na kupigwa. Hii nayo nimeisikia darasani, na kwa siku mbili niliiamini kabisa, nikaanza hata kuiandikia falsafa: jua asubuhi ni mtenda, jioni ni mtendwa, na mwanadamu vivyo hivyo, na blablabla. Kisha nikaishika sarufi. Vitenzi vya silabi moja havitendwi kwa kuchomekwa w peke yake. Kula, kuliwa. Kupa, kupewa. Kufa, kufiwa. Hata kucha yule mwingine, wa kuogopa, ukimtendesha hivyo anakuwa kuchewa. Kwa kanuni hiyo kucha wa alfajiri hawezi kuzaa kuchwa. Ile w si ya kutendwa. Ni w ya mwilini, kama ya kunywa, kama ya kupwa. Na nikisema kupwa watu wa pwani wananielewa haraka: maji yanakupwa, jua linakuchwa, na wala hakuna anayeyavuta maji wala anayelisukuma jua.

Hapo nilikumbuka kitu cha kwetu. Kyela iko karibu na mpaka wa Songwe, na utotoni nilizoea kuona fedha za Malawi, kwacha, zikibadilishwa sokoni. Kwangu kwacha ilikuwa karatasi. Kumbe ni kitenzi: kwacha, kumekucha! Lilikuwa neno la mwito wa siasa za uhuru huko kabla halijawa fedha, Zambia mwaka 1968 na Malawi mwaka 1971. Ni -cha yule yule. Waganda wanaye pia, okukya, na gazeti la Bukedde la Kampala maana yake ni kumekucha vile vile. Na familia hii ina mtoto mwingine tunayemtumia kila siku bila kumjua baba yake: kuchelewa. Kuchelewa ni kukuchewa, kupambazukiwa. Mtu alikusudia kuondoka gizani, kukamcha njiani au kitandani. Kichewa nacho kina kuchedwa, na Kiganda okukeerewa, maana ile ile. Kwa hiyo sisi tunaoingia semina ya saa mbili saa tatu kasorobo, tukimwambia mwalimu "nimechelewa", tunamwambia jambo la kweli kuliko tunavyodhani.

Lakini kuchwa hayumo katika familia hiyo. Alikuwapo jirani yetu, mama wa Kichewa aliyeolewa upande wetu, na jioni alikuwa akitusalimu "Mwaswera bwanji?", yaani mmeshindaje. Kuswera ni kushinda mchana mpaka jioni. Sasa linganisheni. Kichewa kinasema maso, Unguja macho, Mombasa mato. Kichewa kuseka, Unguja kucheka, Mombasa kuteka. S, ch, t. Inakwenda kwa utaratibu kama askari wa gwaride. Kuswera na s, kuchwa na ch, kutwa na t: wamo katika mstari huo huo, na mkia wa -era wa Kichewa unafanana na mkia wa -ea tunaousikia katika kuchwea. Lakini kucha wa alfajiri ni ch kwa Kichewa na ch kwa Kiswahili. Yeye hayumo mstarini. Mimi si mwanaisimu, na walimu wa idara jirani wakitaka kunipiga bakora za kitaalamu nipo. Ila kwa ushahidi huu nasema kucha na kuchwa si mtenda na mtendwa. Ni watu wawili waliokutana mjini wakafanana sura.

Msomaji ataniuliza, haya yote yanahusu nini uhakiki wa fasihi? Yanahusu sana. Rudini katika ubeti wa nne. Vina vya kati vya mishororo mitatu ya mwanzo ni kuachwa, kufichwa, kuchwa. Mimi nilipovisoma mara ya kwanza niliona -chwa tatu, nikamshtaki mtunzi kwa ile ya tatu. Sasa ninaona kilichofanyika. Kuachwa ni kutendwa kweli: kuna anayeacha. Kufichwa ni kutendwa kweli: kuna anayeficha, na mwanamke anahisi kuna habari watu wanamficha. Akili ya msomaji imezoeshwa mara mbili kutafuta nani kamfanyia mwanamke huyu. Kisha linakuja kuchwa, lina sura ile ile, lina mlio ule ule, na ukimtafuta mtenda humpati. Hakuna aliyemwacha wala aliyemficha. Jua limefika mwisho wake tu, na mtu hajarudi.

Nilimuuliza mtunzi kama alifanya makusudi. Akacheka, akasema, "Vina vilikuja." Sawa. Vina vilikuja kwa mtu ambaye kwao neno hilo lipo, kwangu visingekuja.

Na sasa ile hoja yangu kwamba shairi halina mwendo. Nilikuwa nimesoma "kutwa" kichwani hata pale palipoandikwa "kuchwa", na kutwa kwangu ilikuwa siku nzima, kipande kikubwa cha muda kisicho na ncha. Kwa hiyo nilisoma: mwanamke alingoja siku nzima. Hapo kweli hakuna mwendo. Lakini lipangeni jua la shairi: alfajiri ubeti wa kwanza, utosini ubeti wa tatu, na ubeti wa nne limekuchwa. Tumeruka alasiri! Alasiri ndiyo saa ambayo ngalawa zinarudi. Mtunzi hakuitaja alasiri hata kwa neno moja, ameiacha ipite kimya kati ya ubeti wa tatu na wa nne, kwa sababu alasiri hiyo hakikutokea kitu. Pengo lile ndilo msiba. Msomaji wa pwani anasikia "mchana kuchwa" na moyo unamlipuka, kwa maana saa imepita. Ndiyo maana jirani wa ubeti wa tano anasalimu bila kuuliza. Yeye anajua hesabu ya jua. Na ndiyo maana moto wa ubeti wa saba una kazi, tena kazi kubwa: ni moto wa kumwonyesha pwani mtu aliye gizani. Mimi nikauita pambo.

Kwa hiyo shairi nililoliita la subira ni shairi la mtu kupotea baharini, na tangazo la kupotea kwake limewekwa katika neno moja ambalo nilitaka lifutwe.

Nitajitetea kidogo, si vibaya. Katika mazungumzo ya kila siku, hata huko Unguja, mtu anaweza kusema mchana kuchwa na asikusudie zaidi ya siku nzima. Neno likitumika sana makali yake hupungua, na siwezi kudai kwamba kila anayesema "kutwa nzima nilikuwa kazini" anaona machweo machoni. Kutwa nzima yenyewe ni ushahidi: tumelisahau neno mpaka tunaliongezea nzima, kama mtu anayevaa kofia juu ya kofia. Lakini lisingekufa kabisa. Tazameni mahali linapokaa. Shule ya kutwa ni ile ambayo mwanafunzi anarudi kwao jua likishuka. Wa bweni ndiye anayelala. Kibarua wa kutwa analipwa jioni. Na mwezi wa Ramadhani kila mtoto wa pwani anajua kwamba aliyefunga mpaka adhuhuri amefunga nusu, na aliyefunga kutwa ni yule aliyefika magharibi. Hapo huwezi kutafsiri "siku nzima" ukamwachia mtu achague saa ya kufungua. Kutwa ina ncha, na ncha yake ni jua.

Kuna zaidi ya hapo. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameishi nayo karne nyingi, jua likichwa siku imekwisha na nyingine imeanza. Mwaka wangu wa kwanza hapa mjini nilialikwa maulidi "usiku wa Ijumaa". Nikajitayarisha vizuri, nikaenda Ijumaa baada ya chakula cha jioni, nikakuta mlango umefungwa na paka amelala barazani. Maulidi yalisomwa Alhamisi baada ya magharibi. Huo ndio usiku wa Ijumaa. Nilidhani nimechezewa. Lakini ukilielewa hilo unaelewa kwa nini mwanamke wa shairi letu hawezi kusema "labda atarudi leo" baada ya ubeti wa nne. Leo imekwisha. Jua limekuchwa nayo.

Na kuna mahali ambapo neno hili linaandikwa mara nyingi kuliko katika diwani zote za ushairi zikiwekwa pamoja, nako ni juu ya bahasha ya dawa. Kutwa mara tatu. Bibi mwenye nyumba niliyopanga likizo iliyopita, mtu wa pwani ya kusini, alitoka zahanati moja na bahasha ya namna hiyo. Akameza asubuhi, akameza adhuhuri, akameza kabla ya magharibi, akaufunga mfuko. Usiku hakumeza kitu. Aliporudi kule akagombezwa kwamba hakufuata masharti, dawa ni kila baada ya saa nane. Alikasirika kweli. Aliniambia, "Mwanangu, yeye ndiye aliyesema kutwa. Mimi nimemaliza tatu zake jua halijachwa." Nilicheka wakati ule, nikaona ni mambo ya wazee. Leo naona bibi alisoma maandishi kwa usahihi kuliko aliyeyaandika, na angeweza kudhurika kwa usahihi wake. Aliyeandika alifikiri saa ishirini na nne akaandika jua.

Hili ndilo linalonikera kwa jumla, na nitalisema hata kama walimu watakunja uso. Tumefundishwa kuhakiki fani na maudhui. Vizuri. Lakini katika fani tunataja tamathali, tunataja taswira, tunahesabu mizani kwa vidole, kisha tukifika kwenye msamiati tunaandika "mtunzi ametumia lugha rahisi inayoeleweka" na kufunga daftari. Nimeiandika sentensi hiyo mimi mwenyewe, si mara moja. Na penye neno tusilolijua tunaandika "lahaja", kana kwamba lahaja ni madoa kwenye shati. Sikulifungua kamusi kabla ya kumhukumu mtunzi. Johnson yupo maktaba tangu 1939, rafu ya chini, jalada limechakaa. Chwa imo ndani yake. Biblia ya Union Version ya 1952, ambayo nimekua nayo nyumbani na kusomewa kila Jumapili, inalitumia kuchwa kwa jua tena na tena. Nilikuwa nimelisikia kanisani miaka kumi na tano! Lakini sikuwahi kuliunganisha na kutwa ya bahasha wala na machweo ya insha. Nilikuwa na vipande vitatu vya mtungi mmoja, kila kimoja katika chumba chake.

Ipo hoja nyingine dhidi yangu ambayo mtunzi mwenyewe hakuitoa, nami naitoa. Kama kuchwa ilikuwa ya lazima ubeti wa nne, mbona kibwagizo cha mwisho kinasema "kutwa kucha", kwa t? Mwanzoni niliona ni kigeugeu. Sasa nasoma hivi. Kutwa kucha ni fungu lililokwisha kuganda, ni la kila mtu, la redio na la sokoni, maana yake daima, mchana na usiku. Mwanamke wa ubeti wa nne alikuwa na jua lake moja, la siku moja, lililokuchwa mbele ya macho yake. Ubeti wa nane si siku moja tena. Amekuwa mtu wa kungoja. Neno lake la nyumbani limemtoka, limebaki neno la watu wote. Iwapo nimelisoma kwa kuzidisha, basi safari hii nimekosea upande wa kumpa mtunzi kuliko kumnyang'anya.

Nimefuta, basi, kasoro ya kwanza na ya pili. Ya tatu siifuti. Ubeti wa sita, ule wa mawaidha ya subira, bado ni mzigo; unasimama kati ya jirani asiyeuliza na moto unaowashwa, unatueleza kwa maneno makubwa kile ambacho jirani amekwisha kutuambia kwa kunyamaza. Na katika mshororo wake wa pili kuna mizani kumi na saba, nimehesabu mara nne. Mtunzi nimemwonyesha. Anasema ni kumi na sita kwa matamshi ya kwao.